Kutoka Kijiti cha Ardhini hadi Daftari: Watoto wa Ntobeye na Safari ya Kujifunza Kusoma

Utangulizi

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya nane, twasoma habari za Ezra kusimama juu ya mimbari ya mti na kukifungua kitabu cha torati mbele ya mkutano wa wanaume, wanawake na wote walioweza kusikia na kufahamu. Walawi nao walipita kati ya watu wakiwaeleza maana ya yale yaliyosomwa. Katika Matendo ya Mitume, sura ya nane, Filipo alimkuta Mwethiopia akisoma chuo cha nabii Isaya ndani ya gari lake, naye swali lake la kwanza lilikuwa kama mtu yule aliyaelewa aliyokuwa akiyasoma. Maandiko hayo mawili yanatofautisha kusoma na kuelewa, na tofauti hiyo ndiyo itakayotuongoza katika sura hii.

Historia nyingi za sharika hueleza majengo, idadi ya waliobatizwa na majina ya watumishi. Hayo ni mema, nayo yana nafasi yake katika kitabu hiki cha miaka mia. Hata hivyo, kuna kazi moja iliyofanyika kimya kimya, mwaka hadi mwaka, ambayo pasipo hiyo hakuna Mkristo wa Kilutheri angeweza kushika Katekisimo mkononi wala kitabu cha nyimbo. Kazi hiyo ni ya kumfundisha mtoto kusoma. Sura hii inaifuata kazi hiyo katika eneo la Ntobeye na Wilaya ya Ngara kwa jumla, pamoja na jirani zake wa Biharamulo na Bukoba, kisha inauliza ni deni gani limebaki.

Wasomaji walitangulia wamisionari

Ikumbukwe kwamba katika sehemu hizi za magharibi ya Ziwa Viktoria kitabu hakikuletwa na Mzungu peke yake. Huko Buganda, tangu karne ya 19, walioipokea dini mpya waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kusoma na kusali yalikuwa karibu neno moja. Mtu aliyesema anakwenda kusoma alieleweka kuwa anakwenda kanisani. Wahaya waliokwenda Buganda kwa biashara na kazi walirudi na vitabu vidogo chini ya kwapa, wakaanza kukutana na kufundishana wao kwa wao. Miongoni mwa watangulizi hao wa Kiinjili huko Bukoba jina la Andrea Kajerero halisahauliki.

Kwa hiyo, wamisionari wa Bethel walipofika Bukoba mwaka 1910 wakiongozwa na Ernst Johanssen, aliyekuwa ametangulia kufanya kazi Rwanda tangu 1907, walikuta tayari watu wenye njaa ya kitabu. Kazi ya Kilutheri katika mkoa wetu ilianza juu ya msingi huo wa walei waliojua kusoma. Wamisionari walikuja na kuondoka: vita vya 1914 hadi 1918 viliwaondoa Wajerumani, na vita vya pili vya dunia viliwaondoa tena, hata Kanisa la Sweden likaingia kusaidia, akiwamo Bengt Sundkler aliyefika mwaka 1942. Katika vipindi vyote viwili vya upungufu, ibada hazikukoma vijijini, kwa kuwa palikuwapo mtu aliyeweza kufungua kitabu na kusoma kwa sauti.

Ngara ilikuwa na historia yake. Bugufi, nchi ya Wahangaza, ilikuwa imeungana na ufalme wa Burundi kwa lugha, koo na utawala. Baada ya vita vya kwanza vya dunia mipaka ilichorwa upya na Bugufi ikabaki upande wa Tanganyika chini ya Waingereza, wakati Burundi na Rwanda zikawa chini ya Wabelgiji. Wahangaza na Washubi wakajikuta katika nchi ambayo lugha yake ya shule ingekuwa Kiswahili, ingawa jirani zao wa karibu ng'ambo ya mto hawakukitumia hivyo. Jambo hili la mpaka, ambalo huonekana kuwa la wanasiasa tu, liliamua mtoto wa Ntobeye angejifunza herufi kwa lugha gani.

Ni haki pia kukiri kwamba Walutheri hawakuwa peke yao. Waanglikana wa CMS waliweka makao Murgwanza, na huko Katoke, katika Biharamulo ya wakati ule, wakawa na chuo cha kufundishia walimu. Wakatoliki nao walijenga Rulenge, ambayo mwaka 1960 ikawa makao ya jimbo. Mtoto mmoja aliweza kufundishwa a, e, i na Mkatoliki, akaendelea kwa Mwanglikana, na mwishowe akapokea Kipaimara kwa Walutheri. Herufi zenyewe hazikuwa na dhehebu.

Shule chini ya mwinjilisti

Shule za kwanza za vijijini hazikuwa shule kama tunavyozijua leo. Lilikuwa banda la miti na nyasi, lililotumika kwa ibada Jumapili na kwa masomo siku za kazi. Na mahali pasipo na banda, kivuli cha mti kilitosha. Serikali ya Waingereza haikuzihesabu nyingi ya shule hizi, wala haikuzipa ruzuku, kwa sababu mwalimu wake hakuwa na cheti. Mwalimu alikuwa mwinjilisti: mtu aliyehitimu madarasa machache, mwenye shamba lake na familia yake, aliyelipwa kidogo au asilipwe kabisa.

Lengo lake lilikuwa wazi. Martin Luther alipowaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 kuwahimiza waanzishe shule, na alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529 ili baba wa nyumba aweze kuwafundisha watoto wake, alitaka kila Mkristo akutane na Neno bila kumtegemea padre. Mwinjilisti wa kijijini, pengine bila kuyajua hayo yote, alikuwa akifanya kazi ile ile. Aliyetaka ubatizo alikaa darasani. Aliyekaa darasani alianza na herufi.

Karatasi ilikuwa haba. Watoto walijifunza kuandika kwa kijiti juu ya ardhi iliyofagiliwa, na kosa lilifutwa kwa kiganja cha mkono. Waliobahatika walipata kibao cha jiwe. Kitabu kilikuwa kimoja, nacho kilikaa mikononi mwa mwalimu. Watoto waliketi kukizunguka, na wazee wa mkoa huu husimulia kwamba wengine walizoea kusoma ukurasa ukiwa kichwa chini au ubavu, kulingana na upande walioketi.

Jinsi mtoto alivyofundishwa kusoma

Hapa inafaa kukaa kidogo, maana kazi ya mwalimu wa darasa la kwanza hudharauliwa na wasioijua. Kiswahili kina neema moja kubwa: kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu ni tano, na kila irabu ina sauti moja. Kwa hiyo mwalimu aliandika ubaoni a, e, i, o, u, na darasa zima likaimba. Siku chache baadaye yakafuata ba, be, bi, bo, bu. Kisha ma, me, mi, mo, mu. Kwa silabi hizo chache mtoto aliweza tayari kusoma baba, mama, bibi na babu. Si ajabu kwamba maneno ya kwanza ya mtoto shuleni yalikuwa majina ya watu wa nyumbani kwake, kwa kuwa hayo ndiyo maneno yanayojengwa kwa silabi rahisi. Baadaye yalikuja mambo magumu: mb, nd, ng, ny, ng', ch, sh, mw, kw.

Wimbo wa silabi ulikuwa na hatari yake. Mtoto mwenye kumbukumbu njema aliweza kuimba jedwali zima, kuanzia ba hadi zu, bila kuitambua hata herufi moja. Mwalimu mwangalifu aliligundua hilo kwa kuweka fimbo yake katikati ya mstari, mahali pasipotarajiwa, na kumwita mtoto mmoja peke yake. Yule aliyekuwa akiimba alinyamaza, na yule aliyekuwa akisoma alijibu. Kipimo hiki chepesi kilitenganisha kukariri na kusoma, na mwalimu aliyekiacha alijidanganya mwaka mzima.

Watoto wa Ngara walikuwa na ugumu wao wa pekee. Katika lugha ya nyumbani r na l hazitenganishwi kama Kiswahili kinavyozitenganisha, kwa hiyo kulala kuliandikwa kurara, na walimu walisahihisha kosa hilo hilo kwa vizazi. Sauti za dh, th na gh hazikuwamo kabisa. Dhambi ikawa zambi, na thamani ikawa samani. Hata jina la Ntobeye lenyewe lilikuwa mtihani. Mtoto aliyekwisha kulijua jedwali la ta, te, ti, to, tu aliikuta n imesimama mbele ya t, jambo lisilo la kawaida katika maneno ya Kiswahili. Mwalimu aliyetafuta mfano wa kulinganisha alipata neno fupi sana, nta, yaani nta ya nyuki.

Ugumu mkubwa zaidi haukuwa wa kuandika. Ule wepesi wa Kiswahili uliosifiwa hapo juu ndio ulioficha tatizo. Mtoto wa Kihangaza aliyekwisha kuzishika silabi aliweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti safi, asikosee neno, naye asielewe karibu chochote. Nyumbani alimwita Mungu kwa jina la Imana. Kitabuni alisoma Mungu. Mambo ya shambani aliyajua yote kwa lugha ya mama yake, lakini kitabu kilimsimulia kwa maneno ya pwani habari za mashua, minazi na bahari ambayo hakuwahi kuiona. Mgeni aliyekuja kukagua darasa alimsikia akisoma, akafurahi na kuandika taarifa njema. Swali la Filipo halikuulizwa.

Huko Bukoba Walutheri walilijibu tatizo hili kwa kutumia Kihaya kanisani na katika vitabu vya mwanzo, kufuatana na imani ya Bethel kwamba Neno lihubiriwe kwa lugha ya watu. Kwa Mhangaza na Mshubi, Kihaya nacho kilikuwa lugha ya jirani. Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake katika lahaja ya Kiunguja ulikubaliwa mwaka 1928 na kusimamiwa na kamati ya lugha iliyoundwa 1930, kiliingia polepole. Na Biblia ya Kiswahili ya Union Version ilipotolewa mwaka 1952, makabila mengi ya Tanganyika yalipata kitabu kimoja cha kusomea.

Hapa kitabu cha nyimbo kilifanya kazi ambayo haikupangwa na mwalimu yeyote. Wimbo huenda polepole, na kila noti hubeba silabi yake. Mtoto aliyeketi karibu na mama yake ibadani, akifuata kidole chake chini ya mstari, aliona maneno ambayo tayari aliyajua kwa sikio. Aliyajua kwanza, kisha akayatambua kwa macho, na maana yake alikwisha kuisikia ikielezwa katika mahubiri. Wako waliojifunzia kusoma kanisani kwa njia hiyo kabla hawajapata dawati shuleni.

Januari, mwezi wa kurudi shule

Wengi waliokulia vijiji vya Ngara, wakiulizwa habari za shule, huanza na Januari. Maharage ya msimu wa kwanza yako nyumbani au yanamalizwa kupurwa, vilima vimefunikwa kijani kibichi cha migomba na kahawa, na njia zina tope. Wazazi wanahesabu fedha. Gunia la maharage huuzwa ili kaptula ya kaki au sketi ya buluu ipatikane, na shati jeupe ambalo halitabaki jeupe zaidi ya wiki moja. Sare hununuliwa kubwa kuliko mwili, ili mtoto akue ndani yake. Mdogo hupokea ya mkubwa.

Siku ya kwanza mtoto hakubeba daftari na kalamu tu. Alibeba jembe, fagio, dumu la maji au mzigo wa kuni, maana shule ilikuwa na bustani, mazingira na jiko la walimu. Baada ya Mwalimu Julius Nyerere kutoa siasa ya Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, jembe la shuleni likapewa maana kubwa zaidi, lakini wazee waliosoma kabla ya hapo wanajua kwamba lilikuwapo zamani.

Kwa mtoto wa darasa la kwanza, siku hiyo ilikuwa ya hofu. Alipimwa kwa kuvusha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Aliyefikia aliandikwa, asiyefikia alirudishwa nyumbani akilia. Wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, hivyo mkono ulisema umri.

Na wako ambao Januari iliwapita. Mchunga ng'ombe hakuwa na wa kumwachia zizi. Binti mkubwa alibaki kulea wadogo zake. Mtoto asiyeona au asiyesikia alifichwa nyumbani, wakati mwingine kwa upendo, wakati mwingine kwa aibu. Kwa waliokwenda pia njia ilikuwa fupi: wakati wa ukoloni wengi waliishia darasa la nne, kwa kuwa nafasi za shule ya kati zilikuwa chache. Mtoto wa miaka kumi na mbili alirudi shambani akihesabiwa kuwa amemaliza.

Hata hivyo, darasa la nne halikuwa bure. Vijana wengi wa Bugufi walikwenda Buganda kutafuta kazi mashambani, wakituma barua na fedha. Barua ilipofika, mtoto anayesoma aliitwa. Alisimama uani, akasoma mbele ya babu na bibi habari za ugonjwa, deni au mke mpya, kisha akaandika majibu kama alivyoambiwa. Katika umri mdogo alibeba siri za watu wazima. Siku hiyo mtoto alijua kusoma ni kwa ajili ya nini, na jirani aliyekuwa akisita kumpeleka mwanawe shule aliona faida yake kwa macho.

Serikali yachukua shule

Makanisa saba ya Kilutheri yaliungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mwaka uliofuata Josiah Kibira alichukua uaskofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi kutoka kwa Sundkler. Naye alikuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Kilutheri la Dunia, kuanzia 1977 hadi 1984. Mwana wa Buhaya aliyeanza na ubao na chaki kama wengine alifika huko, na wazazi wa mkoa mzima walimtaja kila walipowahimiza watoto wao.

Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za mashirika ya dini ziliwekwa chini ya serikali. Wako waliohuzunika, kwa kuwa majengo yalikuwa yamejengwa kwa sadaka na kwa migongo ya Wakristo. Lakini haki ilitendeka pia: mtoto wa Mwislamu, wa Mkatoliki na wa asiye na dini waliingia mlango mmoja, pasipo kuulizwa wamebatizwa wapi. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1973, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza elimu ya msingi kwa wote ifikiwe kufikia Novemba 1977. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi. Walimu hawakutosha, hivyo makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu papo kwa papo vijijini. Waliitwa walimu wa UPE, na jina hilo baadaye likawa la kejeli. Haikuwa haki. Wengi wao walishika darasa la watoto mia moja kwa chaki moja, na wasomi wengi wa leo walifundishwa a, e, i, o, u na hao.

Wazee nao hawakuachwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mkoa wetu, ulioitwa Ziwa Magharibi hadi 1979, ulikuwa miongoni mwa mikoa ya Ziwa iliyoanza mapema, kupitia mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO kutoka Mwanza kati ya 1968 na 1972. Kiliitwa kisomo chenye manufaa, na vitabu vyake vilimwanzishia mtu kusoma kwa mambo ya kazi yake: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji. Mkulima hakuanza na minazi. Alianza na mgomba ulio nyuma ya nyumba yake, na hilo lilikuwa jibu la tatizo lile la kusoma bila kuelewa. Jioni, chini ya taa ya chemli, bibi alishikwa mkono na mjukuu wake wa darasa la tatu ili aandike jina lake kwa mara ya kwanza. Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa zaidi ya asilimia 60 mwaka 1967. Kufikia 1986 walibaki kama asilimia 10.

Kisha hali ikageuka. Miaka ya 1980 uchumi ulianguka, vitabu vikaadimika, michango ikarudi, na madarasa ya watu wazima yakafa moja baada ya jingine. Aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma, akasahau. Sensa ya mwaka 2002 ilipata kwamba watu wazima kama watatu katika kumi hawakujua kusoma na kuandika.

Mwaka 1994: shule chini ya turubai

Mwisho wa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara wakikimbia mauaji na vita. Benako ikawa kambi kubwa kuliko mji wowote wa mkoa. Kabla yao, tangu 1993, walikuja Warundi, na kambi ya Lukole ilidumu hadi 2008. Miti ilikatwa, maji yakawa haba, na wenyeji walipata hasara pamoja na faida. Kanisa letu lilihudumu kwa mkono wa TCRS, shirika la wakimbizi lililoanza mwaka 1964 chini ya Fungamano la Kilutheri la Dunia.

Katika sura hii jambo moja latosha kukumbukwa. Miongoni mwa wakimbizi walikuwamo walimu, na wakati watu walikuwa bado wanatafuta maji na turubai, watoto walikusanywa chini ya kivuli kujifunza herufi. Masanduku yenye chaki, daftari na kalamu yaligawanywa ili shule ianze mahali pasipo na shule. Ubao uliinamishwa kwenye shina la mti, watoto wakaketi ardhini, na wengine wakaandika kwa kijiti. Wazee wa Ngara waliopita kando ya madarasa hayo waliwasikia watoto wa wageni wakiimba silabi kwa lugha waliyoielewa bila mkalimani, nao wakaona shule yao wenyewe ya utotoni.

Deni lililobaki

Ada ilifutwa tena mwaka 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza 2002, na mwaka 2016 elimu bila malipo ikafika hadi kidato cha nne. Madarasa yalijaa. Lakini mwaka 2010 wapimaji wa Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba nchini, walikuta kwamba chini ya nusu ya watoto wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali ilikiri tatizo, na mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukarudishwa kwenye K tatu: kusoma, kuandika na kuhesabu.

Je, Usharika unahusikaje? Shule zilipochukuliwa, Kanisa lilishusha mzigo huo na kudhani umebebwa wote na serikali. Mwinjilisti aliyeanza na herufi akaanza na Amri Kumi, akiamini kwamba shule imekwisha kufanya kazi yake. Matokeo yake yanajulikana kwa kila mtumishi aliyefundisha Kipaimara, ingawa ni nadra kuandikwa katika vitabu vya sherehe. Yupo kijana asimamaye mbele ya Usharika, akajibu maswali ya Katekisimo neno kwa neno, akapigiwa vigelegele. Naye ukimfungulia ukurasa asiouzoea, hanyanyui macho. Amekariri kwa kusikia wenzake. Ni yule yule mtoto wa jedwali la silabi, na fimbo haijawekwa katikati ya mstari. Usharika unamwandika kuwa amehitimu, shule inamwandika kuwa amemaliza, na yeye anajua siri yake peke yake. Kijana huyo akiwa mzazi hataweza kumsomea mwanawe, na akipewa karatasi ya kuuza shamba atatia dole gumba.

Hakuna sababu ya kumwaibisha. Lawama ni ya waliompima kwa kipimo cha kumbukumbu. Kipimo hicho pia huwaacha nje wengine: mtoto asiyeona, ambaye anaweza kuelewa kuliko wote, na binti aliyeacha shule kwa ajili ya kulea.

Dawa haihitaji fedha nyingi. Mwalimu wa Kipaimara na ampe kila mtoto aya asiyoijua, faraghani, mwanzoni mwa mafundisho wala si mwishoni, kisha amwulize maana yake kwa lugha anayoielewa. Atakayeshindwa na apewe mwenzake wa kumsaidia kabla ya ibada, kila Jumapili, nusu saa, kwa kitabu cha nyimbo kilicho mikononi mwa wote. Shule ya Jumapili na ihifadhi vitabu vichache vya hadithi katika sanduku moja, vikiazimwa na kurudishwa. Mzazi asiyejua kusoma asijione hana kazi, amketishe mtoto karibu na taa amsomee, kisha amwulize, "Umesoma nini? Nieleze." Mzazi huyo atakuwa ameuliza swali la Filipo.

Hitimisho

Katika miaka hii mia tawala zimepokezana, mipaka imehama, na majengo ya nyasi yamekuwa ya matofali na mabati. Wainjilisti waliofundisha kwa kijiti juu ya ardhi wengi wamelala, na makaburi ya baadhi yao hayana hata jina lililoandikwa, wao walioandikisha wengine majina yao. Usharika unawashukuru mbele ya Mungu, pamoja na walimu wa serikali, wa madhehebu mengine na wa kambini, waliofanya kazi ile ile.

Januari ijayo watoto wa Ntobeye watashuka tena vilimani na sare zilizo kubwa kuliko miili yao. Bwana awajalie kuingia darasani, kuzitambua herufi, na kuelewa wanachosoma. Naye aujalie Usharika huu kuwasikiliza mmoja mmoja wanaposoma. Amina.